Gari Lililoshushwa na Haki ya Aliyekaa Nyuma



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja alinisimamisha nje ya msikiti hapa Ukunda akaniuliza suala ambalo sikulitarajia. Mwanawe amelishusha gari la nyumba, mama mtu hataki tena kulipanda, na kila siku nyumba ina maneno. "Sheikh," akasema, "hebu waandikie vijana hawa. Waambie ni haramu."

Nikamwahidi kuandika. Ama kuharamisha, nilimwomba anipe muda, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuharakisha ulimi wangu katika jambo hili hili, nikalaumu pasipostahili lawama na kukiacha kilichostahili. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Dada yangu anaishi Diani. Ni mtu mzima sasa, ana maradhi ya mgongo, na kila mwezi huenda kliniki katika hospitali ya rufaa ya Msambweni. Anayempeleka ni mwanawe, mpwa wangu, kijana mwenye kazi yake hotelini na mwenye adabu zake. Alipojaliwa kununua Toyota ndogo ya mtumba tulimwombea dua sote. Miezi michache baadaye gari likabadilika. Rimu zikawa pana, madigadi yakakaribia kuyafunika matairi, na kwa nyuma hapakubaki nafasi ya kupitisha kiganja baina ya tairi na bodi. Vijana wa mtaani wakalisifu. Mimi nikanyamaza, nikisema moyoni kwamba ujana ni moshi, utapita.

Siku moja tuliitwa kwenye maziko huko Msambweni. Nilikaa mbele, dada yangu na majirani wawili wakakaa nyuma. Mnaijua barabara hiyo ya Likoni hadi Lunga Lunga. Lami yake ni nzuri, lakini kila penye shule, soko au kituo pana matuta. Mpwa wangu alikuwa akipunguza mwendo na kuyavuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Hata hivyo kila tuta lilitoa kishindo kutoka nyuma, kishindo kikavu cha chuma kwa chuma, na baada yake sauti ya dada yangu akimtaja Mola wake. Tulipokaribia Gazi palikuwa na tuta lililofutika rangi. Hakuliona. Gari lilipanda, likashuka, na kishindo chake nilikisikia mpaka kwenye meno. Safari hii dada yangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko ukelele. Tulipofika kwa wafiwa, wanawake wawili walimshika makwapani ndipo akaweza kushuka.

Hapo nikamkemea mpwa wangu mbele ya watu. Nilimwambia kwamba hiyo ni israfu, ni kujionyesha, na kwamba ameuza mgongo wa mamake kwa sifa za barazani. Kwetu Udigoni mjomba ana neno, nami nililitumia neno hilo lote. Kijana hakujibu. Alisema tu, "Samahani, Mjomba."

Usiku alinijia nyumbani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Kisha akanieleza kwamba tangu gari liliposhushwa lilikuwa likigonga, na akarudi kwa fundi aliyelishusha. Fundi akamwambia kwamba zinazogonga ni raba za ndani, zimekuwa ndefu kwa gari lililoshuka, na dawa yake ni kuzitoa. Zikatolewa, zikatupwa. Kwa siku chache gari likawa laini, kisha kishindo kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. "Mimi sikujua kuwa zina kazi, Mjomba. Niliambiwa ni mapambo ya kiwandani."

Nikamuuliza, raba gani? Naye akanitazama, akaona kwamba hata mimi sijui. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya jambo nisilolijua sura yake. Asubuhi yake tukaenda pamoja kwa fundi mmoja mtu mzima huko Kombani, ambaye umri wake mwingi ameumalizia chini ya magari. Niliyojifunza kwake ndiyo ninayowaletea.

Gari hukaa juu ya springi, na springi ndizo zinazobeba uzito. Shokamzoba, ambayo mafundi wetu huifupisha wakaiita shoki, haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka kama mtoto juu ya kitanda. Ndani yake mna mafuta na pistoni iliyofungwa kwenye ufito wa chuma unaong'aa. Gurudumu linapopanda tuta, springi hubanwa na ufito huingia ndani ya shoki. Ukiingia mpaka mwisho, pistoni itagonga kitako cha shoki, au tairi litagonga bodi, au chuma cha chini kitagonga chasisi. Ili hayo yasitokee, watengenezaji huweka kipande cha raba au cha povu gumu. Aghalabu huvishwa kwenye ule ufito kama pete kwenye kidole, kikafichwa ndani ya kifuniko cha vumbi. Katika magari mengine hukaa peke yake baina ya ekseli na chasisi. Mafundi hukiita bampu stopu. Mimi nitakiita raba ya kugotea, maana ndipo safari ya gurudumu kwenda juu inapogotea.

Raba hii haikuwekwa kama ukuta. Aghalabu ina ncha nyembamba na shina nene, ili ncha iguse kwanza kwa upole, kisha ugumu uongezeke kadiri inavyobanwa. Zile za povu la polyurethane zina vijitundu vidogo sana vya hewa, hivyo hubanwa zikawa fupi mno bila kutanuka sana pembeni, halafu hurudia umbo lake. Katika gari la kawaida huguswa mara chache, kwenye tuta kali au shimo, nayo humaliza nguvu ambayo springi haikuweza kuimaliza.

Sasa tazama gari linaposhushwa. Fundi wa Kombani alipima mbele yetu. Katika gari la aina hiyo lisiloguswa, baina ya kichwa cha shoki na ncha ya raba palikuwa na sentimita 6. Gari la mpwa wangu lilikuwa limeshushwa sentimita 5. Kwa hiyo, zile raba zilipokuwapo, nafasi iliyobaki ilikuwa sentimita 1. Akatwambia watu watatu tukae kiti cha nyuma, akapima tena kutoka ukingo wa madigadi hadi katikati ya gurudumu. Gari lilizama sentimita 3. Maana yake, kabla injini haijawashwa, watu watatu wakiisha kukaa, gari lilikuwa limeshalalia raba zake. Ndiyo sababu lilikuwa likigonga. Raba zilikuwa zikipiga kelele kwamba hakuna nafasi, naye yule fundi wa kwanza akaiondoa sauti badala ya kuitafutia nafasi.

Baada ya kutolewa, palibaki chuma na chuma. Shoki moja ya nyuma ilikuwa imeanza kuvuja mafuta, na alama za tairi zilionekana ndani ya madigadi. Wala madhara hayaishii kwenye mgongo wa abiria. Gari linaloishiwa na nafasi likiwa kwenye kona, gurudumu la upande wa nje hukakamaa ghafla, tairi hupoteza mshiko, na dereva hana onyo. Gurudumu linaloruka badala ya kukanyaga barabara halifungi breki sawasawa. Waendao kwa miguu kando ya barabara yetu, wanafunzi na akina mama wenye ndoo vichwani, nao wana haki katika gari lako ijapokuwa hawajalipanda.

Kisha fundi akaonyesha springi zenyewe. Zilikuwa zimekatwa kwa moto wa gesi. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa gereji huuharibu ugumu huo pale unapogusa. Tena springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, inaweza kuchomoka. Ni kweli springi yenye mizunguko michache huwa ngumu zaidi, mizunguko 6 ikawa 5 ugumu wake huongezeka kwa sehemu ya tano, lakini ongezeko hilo halitoshi kufidia nafasi iliyopotea.

Mpwa wangu akauliza kama ni lazima alirudishe gari juu kama lilivyotoka kiwandani. Nilitaraji fundi aseme ndiyo, nami niseme amina. Hakusema hivyo. Alisema, "Ukitaka libaki chini linaweza kubaki chini, lakini kwa kipimo, na raba zirudi." Nikamsikiliza, kwa kuwa pale yeye ndiye mwenye elimu na mimi ndiye mwanafunzi.

Kazi ilichukua siku mbili, nami nitaieleza kwa mpangilio, kwa kuwa wapo vijana watakaoisoma safu hii safari hii wasioisoma wiki nyingine.

Kwanza, springi zilizokatwa zilitupwa, zikanunuliwa springi fupi zilizotengenezwa hivyo kiwandani, ngumu kidogo kuliko za asili, za kulishusha gari sentimita 3 tu. Pamoja nazo zikanunuliwa shoki zinazolingana na urefu huo. Ukunda hatukuzipata, ikabidi tuvuke feri.

Pili, zikaletwa raba mpya za kugotea. Kwa kuwa gari limeshuka sentimita 3, nafasi ya sentimita 6 imebaki 3. Hapo inaruhusiwa kuipunguza raba, ila kwa masharti. Hukatwa kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, kwenye bonde baina ya mapingili yake. Hukatwa upande wa shina nene unaokaa juu, ile ncha nyembamba ikaachwa, maana ncha ndiyo yenye upole. Na hukatwa kidogo, kisha hupimwa, kwani raba iliyozidi urefu hupunguzwa lakini iliyokatwa hairudi. Fundi alikata sentimita moja na nusu. Raba za pande mbili zilikatwa sawa, zikalinganishwa juu ya meza kabla ya kufungwa.

Tatu, kabla ya kuweka springi, aliifunga shoki na raba yake bila springi, akalipandisha gurudumu polepole kwa jeki mpaka raba ikabanwa kabisa. Alifanya hivyo kujua kipi kitagusa kwanza. Raba ikigusa kwanza, na tairi likabaki mbali na bodi, kazi ni njema. Tairi likigusa kabla ya raba, basi raba imekatwa mno, au rimu ni pana mno, na hapo hapana hoja. Kwa gari letu tairi lilipita kwa unene wa kidole. Fundi hakuridhika, akasema rimu zile pana ziondoke. Kijana alinuna kidogo, zikaondoka.

Nne, baada ya kufunga kila kitu, alivisha uzi wa plastiki kwenye ufito wa shoki, ule wa kufungia nyaya, akaubana kiasi cha kuteleza. Tukapakia watu, tukaenda mpaka Tiwi na kurudi tukipita matuta. Shoki ilikuwa imeusukuma ule uzi hadi pale safari yake ilipoishia, na kutoka hapo akasoma ni kiasi gani raba imebanwa. Iliguswa kwenye tuta moja tu, na haikufika mwisho wake. Hesabu hii ni ya gari lile. La kwako lina vipimo vyake, usichukue sentimita zetu ukazikata kwenye raba yako.

Msomaji asiyekuwa na haja ya kushusha gari asiseme kwamba haya hayamhusu. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, lakini likishaingia huishi nasi miaka mingi baadaye. Povu la raba hizi huzeeka. Joto na umri huzifanya zimung'unyike kama mkate mkavu, nawe huoni kwa kuwa zimefichwa. Fundi wa Kombani alisema magari mengi yanayokuja kwake na malalamiko ya kishindo hayajashushwa na mtu. Raba zimekwisha zenyewe. Ukibadilisha shoki, mwambie fundi akuonyeshe raba ya kugotea kabla hajafunga. Ni kitu cha bei ndogo, na kazi ya kukifikia umeshailipia.

Nalo jambo la kushusha lina mahali pake. Magari hushushwa huko kwenye viwanja vya mashindano vilivyotandikwa lami laini kama meza, ili yakate kona vizuri. Sisi tumezaliwa katika nchi ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta akayashinda mara tano, mwaka 1973 kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Hao ndio waliokwenda mbio katika barabara zetu kuliko kijana yeyote wa leo, na magari yao yaliinuliwa juu na kuimarishwa shoki. Anayetaka kuiga mabingwa wa nchi hii ajue walichokifanya.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Kabla hatujalitengeneza gari, mpwa wangu alikuwa ameshapata mnunuzi, baba wa watoto wanne anayeishi upande wa Waa. Alitaka kumuuzia lilivyo, kisha anunue jingine. Akaniambia, "Mjomba, limeng'arishwa, analiona mwenyewe. Akilipenda ni lake." Nikamwambia kwamba rangi anaiona, lakini raba isiyokuwapo haioni. Katika fikihi tuliyosomeshwa, muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuificha, na mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kuirudisha bidhaa hiyo. Hayo yamesemwa juu ya mnyama mwenye kilema na nguo yenye tundu. Gari litakalobeba watoto wanne linastahiki zaidi. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu. Fedha za gari lile alikuwa ameshazipigia hesabu. Kisha akachukua simu akamweleza yule mnunuzi kila kitu, springi zilizokatwa na raba zilizotupwa. Mnunuzi akamshukuru, akaacha. Ndipo tukaenda kutengeneza, kwa fedha zilizomuuma kijana kwa miezi.

Nami nilikuwa na deni langu. Nilimkemea hadharani, basi nikamtaka radhi hadharani, siku ya arubaini ya yule marehemu, mbele ya watu wale wale. Nilisema kwamba kupenda gari zuri si dhambi ya kijana, kosa lilikuwa kutouliza, na katika kutouliza mimi nilimtangulia.

Kwa hiyo, mzee wangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Siwezi kukwambia kuwa gari kuwa chini ni haramu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kumdhuru mtu hakuruhusiwi, na gari lililoshushwa bila raba za kugotea linamdhuru mwenye kukaa nyuma leo, na laweza kumdhuru mpita njia kesho. Usianze na hukumu. Mwite mwanao kwa upole, mwende pamoja kwa fundi anayepima, mketi watatu kiti cha nyuma, mtazame nafasi iliyobaki. Ikiwa springi zimekatwa kwa moto, ziondoke siku hiyo hiyo. Ikiwa raba hazipo, gari lisibebe watu mpaka zirudi. Na mwenye bima aelezwe mabadiliko yote kabla ya ajali, maana baada ya ajali maelezo hayo hayasikilizwi vizuri.

Dada yangu amerudi kulipanda gari la mwanawe. Mwezi uliopita walikwenda Msambweni na kurudi, naye akashuka kwa miguu yake. Lakini sasa hukaa mbele, na kila tuta linapokaribia bado hushika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Mwanawe huliona hilo, hupunguza mwendo zaidi, na hasemi kitu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.